Windows 10 Imefika Mwisho: Je, Tuhamie Linux?

Kama kompyuta yako iko karibu, iwashe wakati tunazungumza. Nenda kwenye mipangilio, tafuta pale inapojieleza: ina ramu kiasi gani, ina prosesa gani. Ikiwa prosesa ni ya Intel, utaona maandishi kama i5-6300U au i5-8350U. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Sita ni kizazi cha sita, saba ni cha saba, nane ni cha nane. Ukiona namba inaanza na moja, kisha sifuri, moja au mbili, hicho ni kizazi cha kumi na kuendelea.

Tarakimu hiyo ndiyo iliyozigawa kompyuta zetu mafungu mawili. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliozinduliwa Julai 2015 na ambao umetubeba kwa miaka kumi. Mrithi wake, Windows 11, aliyetoka Oktoba 2021, anatolewa bure kwa mwenye leseni halali ya Windows 10. Lakini anachagua nyumba ya kuingia. Anataka kompyuta yenye kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel anataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana.

Sasa pita Kariakoo, au maduka ya Moi Avenue jijini Nairobi, utazame kinachouzwa. HP EliteBook 840 G3. Dell Latitude 7480. ThinkPad T470. Hizi zilikuwa kompyuta za maofisini Ulaya na Marekani. Zilipomaliza muda wake kule zikaletwa kwetu, na ndizo wanazonunua wanafunzi wa chuo, walimu, wenye steshenari na wahasibu wadogo. Ni mashine imara, nyingine hata kibodi bado haijafutika herufi. Na zote tatu nilizozitaja zina prosesa za kizazi cha sita au cha saba. EliteBook 840 G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane inakubaliwa na Windows 11. Dada yake G3, aliyemtangulia kwa miaka miwili tu, anakataliwa.

Kwa hiyo swali nililoletewa na wasikilizaji wengi ni hili: kuna mifumo endeshi ya bure ya familia ya Linux, yaani Ubuntu, Linux Mint na mingineyo, inayokubali kompyuta ambazo Microsoft imezikataa. Je, tuhamie huko?

Nitalijibu, lakini kwanza tuelewane nini hasa kimekoma. Kompyuta yako haikuzimika tarehe 14 Oktoba, wala haitazimika. Itaendelea kuwaka, kuandika barua na kucheza muziki. Kilichokoma ni viraka. Kila mfumo endeshi una matundu ambayo waliouandika hawakuyaona. Yakigunduliwa, mwenye mfumo anatuma kiraka cha kuyaziba. Baada ya tarehe ile matundu yanaendelea kugunduliwa, viraka vya kawaida havitumwi tena. Programu ya Microsoft ya kuzuia virusi itaendelea kupokea orodha mpya za virusi hadi 2028, na hilo limewafanya wengine wadhani wako salama. Kutambua sura za wezi hakuzibi dirisha lililo wazi.

Nani atapitia dirisha hilo? Tukumbuke Mei 12, 2017. Siku hiyo virusi vilivyoitwa WannaCry vilianza kufunga faili za watu na kudai malipo kwa Bitcoin. Vilizikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Uingereza, hospitali za umma ziliahirisha miadi na upasuaji, magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Jambo linaloniumiza katika kisa kile ni kwamba kiraka kilikuwepo. Microsoft ilikitoa Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Na kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa zile zilizotupwa na mtengenezaji; zilikuwa za Windows 7, mfumo uliokuwa bado unahudumiwa. Wenyewe hawakuwa wamekipokea tu.

Hapo ndipo kisa kinaingia nyumbani kwetu. Nani kati yetu ana kompyuta inayopokea masasisho kila mwezi? Tunanunua bando la siku au la wiki. Windows ikianza kuvuta mafaili yake nyuma ya pazia, bando linaisha kabla barua pepe haijafunguka, na mtu wa kwanza tunayemkimbilia ni fundi: nizimie hizi apdeti. Anazizima. Zaidi ya hapo, Windows nyingi zilizomo kwenye mashine zetu zimepigwa kwa kukrakiwa, na programu ile ya kukraki, iliyotoka kusikojulikana, mara nyingi inadai uzime kinga ya virusi kwanza ndipo ifanye kazi. Kwa mtu huyu tarehe 14 Oktoba haikubadilisha kitu. Kwake viraka vilikoma siku fundi alipobonyeza kitufe, pengine miaka minne iliyopita.

Nasema hivi bila kumlaumu mtu. Bei ya intaneti ni ya kweli na bei ya leseni ni ya kweli. Lakini ukitaka kupima kama uhame, usianze na tarehe ya Microsoft. Anza na hali halisi ya mashine iliyo mbele yako.

Wanaobaki kwenye familia ya Windows wana njia mbili. Ya kwanza ni kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubaliwa. Mafundi wanaijua, kuna programu ndogo ya kutengenezea fleshi inayoruka ukaguzi, na saa moja baadaye kompyuta inawaka na sura mpya. Microsoft imeshasema kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho. Inaweza kuyapata leo na kuyakosa kesho. Sitamshauri mtu aweke hesabu za duka lake juu ya msingi huo. Njia ya pili ni mwaka wa ziada. Microsoft inawapa watumiaji wa kawaida wa Windows 10 viraka vya usalama hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukikubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako kwao. Mwenye leseni halali na aichukue njia hii. Ni muda wa kujipanga, na baadaye nitaeleza muda huo utumike kwa kazi gani.

Sasa Linux yenyewe. Swali la kwanza la watu wetu, nalo ni la busara kabisa, ni hili: kitu cha bure kina mwenyewe? Kikiharibika nitamshika nani?

Kina wenyewe, tena wengi. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, baadaye akakiweka chini ya leseni iliyoandikwa na Mmarekani Richard Stallman, inayompa yeyote ruhusa ya kuitumia programu, kuisoma ilivyoandikwa, kuibadilisha na kuigawa, mradi naye asiwafungie wengine. Leo wahandisi wanaokitunza kiini kile wengi wao wanalipwa mishahara na makampuni makubwa, kwa sababu makampuni hayo yanakitegemea. Mwaka 2019 kampuni ya IBM ililipa dola bilioni 34 kuinunua Red Hat, ambayo biashara yake ni kuwahudumia wanaotumia programu huria. Na wewe unayesema hujawahi kugusa Linux, kama simu yako ni Android, kiini chake ni hichohicho. Umekuwa ukitumia Linux kutuma pesa na kupokea mshahara.

Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, na kampuni yake ya Canonical. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wakituma santuri za Ubuntu kwa posta, bure, kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Linux Mint nayo imejengwa juu ya Ubuntu, ikavishwa sura ambayo mtu aliyezoea Windows haimsumbui: kitufe cha menyu chini kushoto, upau wa programu chini, saa kulia. Kwa kompyuta kama ile EliteBook ya G3 yenye ramu ya GB 8, Mint inatosha na inabaki na nafasi ya kupumua. Hata yenye GB 4 itafanya kazi, hasa ukichagua toleo jepesi la Xfce. Na kama una fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu ndani ya mashine, toa ile diski ya kuzunguka uweke SSD. Kuliko mfumo wowote utakaoweka, hicho ndicho kitakachokufanya uone umenunua kompyuta nyingine.

Liko jambo moja ambalo mwenye steshenari atalipenda kuliko yote. Kila mtu hapa anazijua fleshi zinazokuja na virusi vya njia za mkato: mteja anafika, unaichomeka, mafaili yake yote yamegeuka kuwa vialama vyenye kishale, ukibofya kimoja kompyuta yako nayo imeambukizwa, na kila fleshi itakayochomekwa mchana ule inaondoka na ugonjwa. Virusi vile vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Ukichomeka fleshi hiyohiyo kwenye Linux, kishale kile hakina wa kumwamsha, na mafaili halisi ya mteja, yale virusi vilivyoyaficha, yanaonekana wazi, kwa sababu alama ya kuficha ya Windows haiheshimiwi huku. Kwa duka ambalo siku nzima linapokea fleshi za watu wasiojulikana, hiyo ni faida ya fedha taslimu.

Lakini sitaki mtu azime redio akimbilie kwa fundi. Wako watu ambao nitawaambia waziwazi, kwa sasa wasihame.

Mhasibu ambaye hesabu za wateja wake zimo ndani ya Tally au QuickBooks ya kompyuta. Msanifu wa kadi na mabango anayeishi ndani ya CorelDRAW au Photoshop. Mhandisi wa AutoCAD. Mwenye duka ambaye mashine yake ya risiti ya EFD imeunganishwa na kompyuta, kwa programu aliyowekewa na msambazaji. Programu hizi hazitengenezwi kwa Linux. Zipo namna za kuzilazimisha, nyingine zinafanikiwa, lakini mkate wa watoto hauwekwi kwenye majaribio. Kadhalika printa. Za HP nyingi zinatambulika mara unapochomeka waya, na Epson wanatoa programu zao za Linux. Lakini ziko printa za leza za bei nafuu ambazo utahangaika nazo wiki nzima. Skana vivyo hivyo. Jaribu ya kwako, usichukue neno la mtu.

Halafu kuna nyaraka. LibreOffice, inayokuja pamoja na Mint na Ubuntu, inafungua faili za Word na Excel. Barua, ripoti na mitihani ya shule haina tabu. Shida inaanza kwenye faili lenye jedwali juu ya jedwali, au lahajedwali ya Excel yenye makro. Wakati mwingine barua yenyewe inatoka nzima lakini mistari imesogea, kurasa tatu zimekuwa nne, kwa sababu fonti iliyotumika haimo kwenye mashine. Linux inaweka nyingine yenye vipimo sawa na Calibri, fonti ya Microsoft; nyingine hiyo inaitwa Carlito, na mara nyingi hilo linaponya. Mara nyingi, si mara zote. Anayepeleka zabuni serikalini anajua kwamba ukurasa uliosogea unaweza kumgharimu.

Watu wanaponiuliza tuhame au tusihame, ninawapa visa viwili vya Ulaya, kwa kuwa vimetendwa na taasisi kubwa na matokeo yanajulikana.

Jiji la München, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux. Kazi ilichukua takriban miaka kumi, kompyuta karibu 15,000 zikahamishwa, na jiji likasifiwa dunia nzima. Mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi Windows. Siasa zilikuwemo, hilo halina ubishi, lakini yalikuwemo pia malalamiko ya watumishi ya kila siku: programu zisizopatana, nyaraka zinazovurugika zikienda na kurudi kwa ofisi nyingine ambazo hazikuhama.

Kisa cha pili ni cha Gendarmerie ya Ufaransa, jeshi la polisi wa vijijini na miji midogo. Hawa hawakuanza na mfumo endeshi hata kidogo. Mwaka 2005 waliondoa Microsoft Office wakaweka OpenOffice, wakiwa bado ndani ya Windows. Mwaka uliofuata wakabadilisha kivinjari na programu ya barua pepe, wakaweka Firefox na Thunderbird, bado ndani ya Windows. Askari wakazoea. Wakagombana na vitufe vipya, wakavishinda. Ndipo mwaka 2008 wakaanza kuiondoa Windows yenyewe na kuweka Ubuntu. Kufikia hapo, askari aliyewasha kompyuta asubuhi alikuta programu zilezile alizozifunga jana. Wako huko hadi leo, na makumi ya maelfu ya kompyuta.

Msikilizaji, ushauri wangu wote umo ndani ya mpangilio ule wa Wafaransa. Tunapohama huwa tunafikiri tunahamisha mashine, kumbe kinachohama ni kazi ya mtu: mazoea ya vidole vyake, mafaili yake, watu anaobadilishana nao nyaraka. Kwa hiyo mfumo endeshi uje mwisho. Leo, kwenye Windows yako hiyohiyo, weka LibreOffice. Ni bure na inakaa bila kuigusa Office uliyonayo. Fanya nayo kazi zote za mwezi mzima: mitihani, bajeti, barua, ankara. Picha zako zijaribu kwa GIMP au Krita, muziki na filamu kwa VLC. Kile ambacho kimekushinda kukifanya, kiandike kwenye karatasi. Mwezi ukiisha, karatasi hiyo ndiyo itakayokujibu kama uhame, si mimi wala fundi. Ikiwa imebaki nyeupe, au ina vijambo viwili unavyoweza kuvivumilia, umeshahama tayari, imebaki alasiri moja ya kubadilisha mfumo. Ikiwa imejaa, baki, chukua ule mwaka wa ziada wa Microsoft, na uanze kuweka akiba ya mashine ya kizazi cha nane. Hiyo ndiyo kazi ya muda ule niliosema tutaurudia.

Kabla ya hiyo alasiri kuna jaribio jingine lisilogharimu kitu. Mint na Ubuntu huendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye fleshi bila kuandika chochote kwenye diski yako. Unaichomeka, unawasha kompyuta kwa kuiambia ianzie hapo, na mfumo mzima unafunguka. Itakuwa polepole, maana fleshi si diski, lakini utajua mambo ya msingi: waifai inakamata? Sauti inatoka? Kamera? Printa inachapa? Mashine inalala na kuamka ukifunga na kufungua kifuniko? Kuna chipu za waifai, hasa baadhi za Broadcom, zinazotaka programu ya ziada ambayo yenyewe inapakuliwa kwa intaneti. Usikate tamaa hapo: chomeka simu yako kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti, Linux itaipokea simu kama njia ya mtandao na kazi itaendelea. Ukizima kompyuta na kuchomoa fleshi, Windows yako iko palepale kama ulivyoiacha.

Na faili lenyewe la mfumo? Linux Mint ni karibu GB 3, Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6. Kwa bando la siku hilo ni zito, lakini linapakuliwa mara moja tu, na fleshi moja inahudumia mtaa mzima, shule nzima, bila kuvunja sheria ya mtu. Hapo nina onyo. Pakua kwenye tovuti yao wenyewe, kisha linganisha namba ya uhakiki wanayoitoa na ile ya faili ulilopata. Februari 2016 wezi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakaelekeza kiungo cha kupakulia kwenye nakala iliyopandikizwa mlango wa siri. Wenyewe waligundua haraka na kutangaza hadharani, lakini waliokuwa wamepakua bila kulinganisha namba hawakuwa na namna ya kujua. Kuwa huria hakumaanishi kwamba ule chochote ulichopewa na mpita njia.

Nigeukie kundi la pili, dogo lakini lina maswali mengi: mliokwisha hama zamani, mnaotumia Ubuntu 22.04, na kila kukicha mnasikia toleo jipya limetoka. Ninyi hamna sababu ya kukimbia. Ubuntu hutoa toleo kila miezi sita, na matoleo hayo ya katikati yanahudumiwa kwa miezi tisa tu. Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili wa miaka isiyo witiri, hutoka lile la muda mrefu linalopewa viraka kwa miaka mitano. La 22.04 linahudumiwa hadi Aprili 2027, la 24.04 hadi 2029. Hata Canonical wenyewe hawawaambii watu wa toleo la muda mrefu wapande siku lile jingine linapotoka. Kompyuta inaanza kukuonyesha ujumbe wa kupanda baada ya toleo la kwanza la marekebisho, kwa kawaida mwezi wa nane. Wanaojua wanangoja. Nanyi ngojeni.

Tena kuna kisa kilichonithibitishia hilo. Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi Microsoft, alitangaza kwamba ameona mashine yake ya Linux inachelewa kama nusu sekunde wakati wa kuingia kwa mbali. Akafuatilia. Akakuta mtu aliyejipatia imani ya wenzake kwa takriban miaka miwili amepandikiza mlango wa siri ndani ya programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, ambayo karibu kila Linux inaitumia. Ilikwisha kuingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora. Matoleo tulivu, yale wanayotumia watu wa kawaida, ilikuwa haijayafikia. Aliyekuwa mbele kuliko wote ndiye aliyekuwa hatarini. Nami nilichokipenda ni kwamba mtu wa nje, asiye na cheo chochote kwenye programu ile, aliweza kufungua maandishi yake na kuyasoma hadi akaukuta ule mlango.

Maneno machache kwa walimu, maana moyo wangu uko kwenu. Shule nyingi zina maabara za kompyuta za msaada, ishirini au thelathini, nusu zimekufa kwa virusi na nusu zina Windows isiyo na leseni. Mwalimu anafundisha haki na uadilifu saa mbili asubuhi, saa nne anawaingiza watoto kwenye programu ya kuiba. Hakuna mahali ambapo Linux inafaa kama hapo. Shuleni hakuna Tally wala CorelDRAW. Kuna kuandika, kuhesabu, kuchora na kujifunza kuandika programu, na yote hayo yamo. Kabla hamjabadilisha, angalieni tu mtihani wa vitendo wa somo lenu unataka programu gani, msije mkawafundisha watoto kitu kimoja wakaulizwa kingine. Na lugha: mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu leseni ilikwisha kuwapa. Kazi hiyo ya kutafsiri bado ina mapengo mengi, na mwalimu wa Kiswahili pamoja na mwalimu wa kompyuta, wakikaa na wanafunzi wao wa kidato cha tatu, wanaweza kuyaziba wakiwa palepale shuleni.

Kwa aliyekwisha amua, haya ndiyo ya kufanya. Kwanza nakili kila kitu, picha, nyaraka, hesabu, kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye diski hiyo, kwenye kompyuta nyingine, uone kweli yanafunguka, ndipo uifungie kabatini. Andika kwenye daftari nywila za akaunti zako, maana kivinjari kilichokuwa kinakukumbukia kinaondoka na Windows. Kama diski ina nafasi, mwambie fundi aiweke Linux kando ya Windows, uwe unachagua wakati wa kuwasha, kwa miezi miwili mitatu. Kubalianeni bei kabla hajafungua mashine. Na akimaliza, akuwashie huduma ya kuhifadhi picha za mfumo, kwenye Mint inaitwa Timeshift, ili sasisho likivuruga kitu uweze kurudi ulikokuwa jana. Masasisho ya Mint hayakuvamii; yanangoja ubofye. Panga siku moja kwa wiki, usiku wenye bando nafuu, uyaruhusu. Na fleshi aliyotumia fundi, kama umeinunua wewe, usimwachie. Jirani yako ataihitaji.